Mwalimu Subiri na Nyusi Zangu

Nilimchukia mapema, tena bila kificho, na mwenyewe anajua kwa sababu nilimwambia usoni. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu namwinua kwenye kiti nywele zikiwa nusu zimesukwa, aende akamalizie kwingine. Lakini ngoja nianzie pale alipoanzia yeye, mlangoni mwa saluni yangu, Jumatatu asubuhi, ana mfuko begani na raba nyeupe miguuni, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, sauti ya chini. Akasema ametumwa na kituo. Nikamuuliza, kituo cha mafuta au cha polisi? Wateja wangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka wala hakununa. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Kituo cha watoto wenye usonji, dada. Nimekuja kumfundisha mtoto kuomba anachotaka."

Kuomba! Mtoto wetu alikuwa hajawahi kukosa kitu hata aombe.

Mtoto mwenyewe ni binti wa kaka yangu. Kaka anaendesha malori ya safari ndefu, akiondoka ameondoka. Wifi yangu anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kwa zamu. Kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka jioni mtoto ni wangu, na saluni ni sebule ya mbele ya nyumba yetu: viti vitatu, vioo viwili, na mdomo mmoja usio na breki, ndio huu. Alikuwa na miaka sita na nusu na hajatamka neno hata moja. Akitaka kitu anakukamata kifundo cha mkono na kukusukuma mpaka ukifikie. Hakutazami usoni, anatazama mkono wako, basi. Wateja walimbandika jina la Tingatinga, tukalikata likawa Tinga, na Tinga akikusukuma unakwenda, hakuna mjadala.

Na sisi tulikwenda kweli. Tinga akigeuza tu shingo kuelekea jagi, kikombe kimeshamfika. Akikunja uso, mteja huyu kashampa biskuti, yule kashamvua kiatu kinachombana, mimi nimeshakuwa hewani naeleza anachotaka, kwa nini anakitaka na alikitaka jana saa ngapi. Aongee ya nini?

Kilichotuamsha ni shule. Iko mtaa wa tatu kutoka kwetu, kengele yake tunaisikia. Mwalimu Mkuu wake, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alitupokea vizuri, akatueleza ukweli wake. "Darasani wako arobaini na watano, na mwalimu ni mmoja. Mtoto wa maneno machache nitamchukua. Lakini mtoto asiyeweza kumwambia mtu baki kwamba anataka maji, au choo, au msaada, huyo siwezi. Ataumia hapa na mimi nisijue." Akatupa wiki kumi. Siku ya mwisho ya usajili Tinga aje ofisini, amwombe yeye Mwalimu Mkuu kitu chochote kwa kinywa chake, bila mtu wa nyumbani kumdokeza. Mwaka unaofuata umri wa kuanza ungekuwa umeshampita.

Na kama hapati? Kaka yangu alikuwa ameshajaza fomu ya shule ya bweni ya watoto kama yeye, safari ya basi ya kutwa nzima, likizo mara mbili kwa mwaka. Aliiweka juu ya friji. Kila nikifungua friji naiona. Mtoto nimembeba hajaota jino, halafu niwe namwona mara mbili kwa mwaka? Weee! Nilimwambia kaka hayo na mengine ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Wifi ndiye aliyekwenda kituoni kuomba mtu wa kutusaidia. Basi huyo mwanamke akaingia na mfuko wake, na siku tatu za kwanza hakufundisha kitu. Nasema kitu! Alikaa sakafuni na Tinga akapuliza mapovu ya sabuni. Tinga akimsukuma, anakwenda. Tinga akitaka kioo cha mkono, anapewa. Kisha anaandika kwenye daftari lake vitu anavyovipenda mtoto: mapovu, kioo, upepo wa mashine ya kukaushia nywele. Upepo ule Tinga anaupenda kufa. Ukimpulizia usoni anafumba macho, anacheka mpaka miguu inamwishia nguvu. Nikamnong'oneza mteja, "Wenzetu wana kazi za kucheza, jamani, na sisi tumesimama hapa magoti yanatuuma." Nilinong'ona kwa sauti, ili asikie.

Akasikia. "Nataka kwanza akiniona afurahi, Shangazi," akasema. "Kazi inakuja."

Siku ya nne kazi ikaja, na mimi nikataka kumfukuza. Tinga alimsukuma mkono kwenye ile mashine. Mwalimu akaichukua, akaiinua karibu na uso wake, akasema, "Puliza." Neno hilo moja, halafu kimya. Akamtazama mtoto. Tinga akavuta mkono. Mwalimu akasema tena, "Puliza," kimya tena. Mtoto akaanza kulia. Mimi huyo! Niliacha kichwa cha mtu na kitana kimo ndani.

"Unamnyima mtoto upepo? Upepo, wewe mwanamke?"

"Simnyimi, Shangazi. Nampa sekunde tano. Akitoa sauti yoyote, hata akiguna, anapata. Asipotoa, nampa vilevile, siwezi kumwacha alie. Lakini zile sekunde tano ni zake. Subiri."

"Subiri wewe!"

Tangu hapo saluni nzima ikamwita Mwalimu Subiri, na yeye akaitika bila shida.

Siri ya subira yake niliipata Jumamosi moja nilipomshawishi akae nimsuke. Mtu akikaa kwenye kiti changu kwa saa tatu atasema tu, hata awe bubu wa kujitakia. Kumbe miaka kumi na minne aliuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja anakuja, ananyoosha kidole, nipe vile. Ukikisia ukampa, kesho yake anarudi na matusi, si hivi nilivyotaka. Akajifunza kumtazama mtu usoni, kufunga mdomo na kungoja mpaka aseme mwenyewe msumari wa inchi ngapi. Duka likafungwa. Akapata kazi ya kufagia pale kituoni, na ndiye aliyekuwa anashika funguo za uwanja wa bembea. Watoto wakawa wanakuja getini kumzunguka. Yeye anasimama na funguo zake, anawatazama, hana haraka. Siku moja mvulana aliyekuwa amefundishwa mwaka mzima bila mafanikio akamwambia mfagiaji, "Fungua." Msimamizi aliyaona yote dirishani. Akatoka mbio akamuuliza nani kakufundisha kazi hii. Akajibu, "Misumari."

Nilicheka mpaka nikapoteza mstari wa kusuka. Wakamsomesha miezi minane, darasani na kwa vitendo, akisimamiwa kila kipindi. Anaishi na dada yake mkubwa ambaye, anadai, ananishinda mimi kwa maneno. Hilo nilikataa kuliamini, na mpaka leo nasubiri kuletewa huyo dada tupimane.

Sasa sikia siku ya tisa. Alhamisi, saa tano asubuhi, nina mteja kichwa kimelowa chepechepe na mashine ndiyo kwanza nimeiwasha. Tinga huyo, kanikamata mkono. Mwalimu Subiri akanikonyeza: fanya wewe. Mimi! Nikazima mashine, nikaisogeza karibu na uso wangu, nikasema, "Puliza," nikafunga mdomo. Naapa sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Moja. Mbili. Tatu. Macho ya Tinga yakaacha mkono wangu, yakapanda, yakapanda, yakafika mdomoni kwangu. Nne. Midomo yake ikakutana.

"Pu."

Mungu wangu wee! Saluni ililipuka. Mmoja kapiga ukelele, mwingine kaangusha simu, mimi nimeshika kichwa naruka kama nimekanyaga kaa la moto. Na Mwalimu Subiri, yule yule wa sauti ya chini, akatoa sauti iliyotikisa vioo: "Mpe! Mpe sasa hivi! Mtashangilia baadaye!"

Nikampulizia. Maana ndiyo kanuni ya kazi yao: neno likitoka lipate kitu chake palepale. Mkianza kupiga makelele kwanza, mtoto atajuaje kilicholeta upepo, ni kinywa chake au ni fujo zenu? Tinga akafumba macho, akacheka. Nikazima. "Pu!" Nikampa. "Pu!" Nikampa. Mara kumi na saba, alama zimo daftarini. Mteja wangu nusu saa nzima anatiririka maji mabegani, anapiga makofi, yanamwingia machoni, hana habari. Jioni wifi yangu aliporudi tukamwonyesha, na yule mama akakaa chini sakafuni na sare yake ya kazi, akaomba aonyeshwe tena, na tena.

Baada ya hapo nikawa mtu mwingine. Naamka na hamu. "Pu" ikawa "puli", na "puli" ilipokomaa Mwalimu akaacha kuilipa "pu", polepole, mpaka wiki ya nne tukapata "puliza" nzima, imenyooka. Yakafuata "maji", "fungua" na "choo". Anaanza kwa kumtamkia neno lote. Kisha nusu. Kisha midomo tu, bila sauti. Kisha hakuna, unakaa umemtazama. Kwenye daftari kulikuwa na safu mbili, ya kwanza "Kwa kidokezo", ya pili "Mwenyewe", na mimi ile safu ya pili ilinitia wazimu. Nilikuwa naichungulia kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Kila alama ya "Mwenyewe" ilikuwa inamtoa mtoto wangu kwenye basi la bweni.

Wiki ya sita Mwalimu akasema, "Sasa hakuna neno wala midomo. Kidokezo chochote mkimpa, atakishikilia. Shuleni hatakuwa nacho."

"Nimeelewa, Mwalimu," nikasema. Na nilielewa, ndiyo aibu yenyewe.

Ila niligundua kitu. Nikiinua nyusi, Tinga anasema. Kidogo tu, vuup, juu. Mwalimu kainamia daftari, mimi huyo, nyusi juu, "Maji!" Alama. Nyusi juu, "Fungua!" Alama. Nilijiambia nyusi si neno, nyusi si mdomo, kwani nyusi zangu nizipeleke wapi? Wiki mbili mfululizo tukapata kumi kwa kumi, ishirini kwa ishirini. Mwalimu Subiri mwenyewe akaanza kutabasamu. Nikampigia kaka yangu, yuko njiani na lori lake, nikamwambia chana ile fomu. Akasema ataichana siku ya usajili, si kabla. Nikamkatia simu kwa hasira.

Jumatano ya wiki ya nane akapita mama mmoja anayesambaza vipodozi, akaniachia udongo wa kupaka usoni, ule unaokauka na kukaza ngozi. Mimi kitu sikipaki kwa mteja kabla sijajipaka mwenyewe. Nikajipaka, unene wa kidole, ukakauka ukawa mgumu kama ukuta. Tinga akaja na chupa ya mapovu, kifuniko kimekazwa. Akasimama mbele yangu akanitazama. Nikajaribu nyusi. Wapi! Uso haukwenda popote. Akasogea. Akanitazama kwenye paji la uso, hapa, kama mtu anayesubiri taa ya barabarani ibadilike. Kimya. Akaninyooshea chupa. Kimya. Akaanza kunisukuma mkono kama zamani, akalia.

Mwalimu Subiri aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Shangazi, nawa uso."

Nikanawa. Nikarudi, na nyusi zangu, zisizo na adabu, zikapanda zenyewe.

"Fungua," Tinga akasema.

Sikiliza, nimeshatukanwa na wateja, nimeshagombana na mwenye nyumba, lakini sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama dakika ile. Mwalimu alifungua chupa kwanza, akapuliza mapovu, kwa sababu mtoto kosa halikuwa lake. Ndipo akatoa rula, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya kila alama ya "Mwenyewe" ya wiki mbili. Ukurasa baada ya ukurasa. Kalamu inakwaruza, mashine zote zimezimwa.

"Nipigie kelele basi," nikamwambia. "Nitukane. Nimestahili."

"Siku zilizobaki ni kumi na mbili," akasema. "Sina nafasi ya kelele. Una udongo mwingine?"

"Udongo?"

"Huo wa usoni. Kesho asubuhi upake kabla sijafika. Na keshokutwa."

Nikapaka. Siku kumi na mbili, pakiti nne, ngozi yangu ikawa laini ajabu na roho yangu hoi. Siku ya kwanza Tinga hakusema hata neno. Ya pili, hata moja. Nilikwenda uani nikalia, udongo ukapasuka, ikabidi nipake upya. Siku ya tatu, mbele ya jagi, alilitazama lile sanamu lililokuwa shangazi yake, akahema, na peke yake, bila nyusi za mtu, akasema, "Maji." Nilimimina mpaka kikombe kikafurika. Mwalimu akawa anatuhamisha: leo aombe kwa wifi, kesho kwa kinyozi wa pili kutoka kwetu, keshokutwa kwa mama wa matunda, chumbani, barabarani, kwa watu anaowajua na asiowajua. Kwa wanaojulikana alifika sita kwa kumi. Kwa mtu baki alifanikiwa mara moja tu, kwa mama wa matunda, na yule mama alipagawa akampa tunda lote. Mara moja. Hilo ndilo tulilokwenda nalo shuleni.

Usajili ulikuwa Ijumaa, saa tatu. Wifi alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo tulikwenda watatu. Jua kali, na mimi shangazi mwenye huruma, tulipofika getini nikampa Tinga maji, chupa nzima, akainywa yote. Mwalimu Subiri aligeuka akaikuta tupu. Akafumba macho. "Shangazi. Nilipanga aombe maji." Mtu aliyeshiba maji ataomba maji ya nini? Nilijipiga kofi la paji la uso, mlinzi akadhani nimeumwa na mbu.

Ofisi ilikuwa ndogo, meza iliyojaa madaftari, kabati la vitabu, dirisha linalotazama uwanjani. Nikawekwa kwenye kigoda nyuma kabisa, karibu na kabati, niangalie sakafu. Mwalimu Subiri akasimama mlangoni. Mwalimu Mkuu akaweka mezani glasi ya maji. Tinga akaipita kama haipo. Akaweka chupa ya mapovu, kifuniko kimekazwa. Tinga akairukia! Akazungusha, haifunguki. Akajaribu kwa meno. Akageuka akanitafuta nyuma ya chumba, na mimi nikaangalia sakafu, nyusi nimezibana kwa vidole viwili, kwa vidole nakwambia. Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono wazi, akangoja. Tinga aliutazama ule mkono mgeni. Akaiweka chupa chini, akaenda dirishani.

Tukangoja. Saa ya ukutani inagonga. Wakajaribu tena, na tena. Hakuna.

"Mama," Mwalimu Mkuu akasema, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Mmefanya kazi kubwa, naiona. Lakini nilisema mtu baki. Siwezi kuandika nisichokisikia." Akafunga faili.

Hapo breki zilikatika. Nilisimama, kigoda kikaanguka. Nikamwambia huyu mtoto anasema, waulize wateja wangu, muulize kinyozi, anasema maji, anasema fungua, ni mimi, ni mimi niliyemharibia kwa hizi nyusi, niadhibu mimi, mwanangu atapelekwa kutwa nzima kwa basi kulala na watu asiowajua kwa sababu ya nyusi za shangazi yake, sikiliza Mwalimu Mkuu, tupe wiki moja, tupe siku tatu, nipe mpaka mchana, hujui mtoto huyu alipotoka! Sauti ilishapanda mpaka uwanjani, watoto wamejaa dirishani, na mimi sina mpango wa kumaliza.

Kitu kikanishika kwenye blauzi. Nikaangalia chini. Tinga amesimama mbele yangu, mkono mmoja kaziba sikio, mwingine umening'inia kwenye nguo yangu. Hatazami mikono yangu. Ananitazama machoni, kakunja uso wote.

"Nyamaza."

Neno hilo hakuna aliyemfundisha. Analisikia kila siku saluni, wateja wananiambia mimi. Nilihisi furaha imenipanda kutoka kwenye nyayo, nikafungua mdomo nipige ukelele wa kuangusha paa, na nikakutana na macho ya Mwalimu Subiri kule mlangoni. Hakusema "mpe." Hakuwa na haja. Mtoto ameomba. Alichokiomba ninacho mimi peke yangu, na lazima akipate sasa hivi.

Nikafunga mdomo.

Mnaonijua pimeni wenyewe. Jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu limetokea, na siwezi kulisema! Nilibana midomo, machozi yananitiririka mpaka shingoni, kifua kinapanda na kushuka, na mdomo umefungwa. Ofisi ikatulia, nasikia hata pumzi ya mtoto. Tinga akateremsha mkono kutoka sikioni. Akasikiliza. Hakuna anayemsemea, hakuna anayemweleza, hakuna anayempigia kelele. Akageuka polepole, akaiokota chupa sakafuni, akatembea na viatu vyake vipya mpaka mezani, akaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu Mkuu.

"Fungua."

Yule mama alifungua kwa kasi mpaka sabuni ikamwagikia madaftari. Akapuliza mapovu yeye mwenyewe, mashavu yamemvimba, miwani imeteleza hadi puani. Tinga akacheka, akaisogeza chupa mdomoni kwa Mwalimu Mkuu: "Puliza." Akapuliza. "Puliza." Akapuliza. Watoto wa dirishani wakaanza kupiga makofi. Mwalimu Subiri alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika, na hilo ndilo pekee nililowahi kumshinda: mimi nililia wa kwanza.

Faili likafunguliwa. Mwalimu Mkuu akaniuliza jina kamili la mtoto, na mimi bado nimebana midomo kwa sababu Tinga amekaa hatua mbili kutoka kwangu na hajaniruhusu. Nikaomba kalamu kwa mkono nikaandika. Tarehe ya kuzaliwa, nikaandika. Akauliza kuhusu bweni, kwamba amesikia mzazi kajaza fomu ya kule mbali, mnaendelea nayo? Nilitikisa kichwa kwa nguvu mpaka hereni ikaruka ikaingia chini ya kabati. Akacheka, akagonga muhuri.

"Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi," akasema. "Nani atamleta?"

Nikajipiga kifuani kwa kidole, mimi, mimi, mimi, mpaka pakauma.